Saa Mbili za Uswisi, Mkono Mmoja wa Mpemba

Karafuu zimeshapimwa kituoni ZSTC, pesa ziko mkononi, na binamu aliyeko Maskati ametuma picha za saa mbili: Tissot PRX ya betri na Tissot PRX ya otomatiki. Ni pacha: chuma kilekile, upana milimita 40, kioo cha safaya. Anataka jibu kabla hajapanda ndege. Usilipeleke swali hili barazani. Watu wanne watakupa majibu sita, na yote yatakwambia ununue iliyo ghali.

Kwanza tazama uso. Pemba iko karibu digrii 5 kusini mwa Ikweta, jua letu halichelewi wala halitangulii sana mwaka mzima, ndiyo maana kuhesabu saa kuanzia macheo hakujatuangusha. Waswisi hawakutengeneza uso kwa hesabu hiyo, lakini dawa ipo: soma ng'ambo ya mshale mfupi. Ukiwa kwenye 7, ng'ambo ni 1, basi ni saa moja. Ukiwa kwenye 10, ng'ambo ni 4. PRX hizi zina vijiti badala ya tarakimu, kwa hiyo hakuna namba ya kukubishia, na hili peke yake ni sababu nzuri ya kuzipenda zote mbili. Kidirisha cha tarehe ndicho kisichobembelezeka. Kinageuka saa sita usiku, hakijui kwamba siku mpya ya Kiislamu imeingia tangu magharibi.

Sasa tumbo la saa. Ndani ya ile ya betri kipande cha kwatzi kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Ile ya otomatiki inatumia mashine iitwayo Powermatic 80: kila ukipunga mkono, uzito mdogo unazunguka na kukaza springi. Ukiivua, ikiwa imejaa, itatembea saa 80 hivi kisha isimame. Kwa anayevaa saa kila siku ni raha tupu. Kwa anayeitoa kabatini Idi hadi Idi, kila sikukuu ataanza kwa kuirekebisha.

Hapa ndipo pa kufikiri kwa makini. Chukua otomatiki inayochelewa sekunde 10 kwa siku, jambo la kawaida kwa mashine za aina hiyo. Usipoigusa Ramadhani nzima, mwisho wa mwezi imeachwa nyuma dakika 5. Futari utakula kwa kuchelewa, si neno. Lakini daku! Utakuwa unatafuna alfajiri imeshaingia. Ukiichagua hiyo, ioanishe na saa ya simu kila Ijumaa.

Muuzaji atasema, "Mita 100 hii, ami, piga nayo mbizi." Maandishi hayo yanahusu saa mpya iliyopimwa kwa mgandamizo wa maji yaliyotulia. Maji huzuiwa na mipira myembamba, mmoja kwenye kifundo cha pembeni na mwingine chini ya mfuniko wa nyuma, na jasho, joto na chumvi huichakaza. Kifundo kikiachwa kimevutwa, hata maji ya udhu yanatosha kuingia. Ukitoka pwani kuchokoa pweza, ioshe kwa maji baridi ya bomba. Betri ikiisha, mwangalie fundi anaufungua mfuniko kwa kutumia nini: akinyanyua ncha ya mkasi, chukua saa yako uondoke. Mwenye kifaa chake naye umwambie abadilishe mpira palepale.

Kuhusu "Swiss Made" chini ya uso, zote mbili zinayo. Tangu 2017 sheria ya Uswisi inataka angalau asilimia 60 ya gharama za kuitengeneza saa itumike nchini humo, kwa hiyo neno hilo halikusaidii kuchagua.

Ya betri inauzwa karibu nusu ya bei ya mwenzake, ina usahihi zaidi, na matengenezo yake ni mepesi kwa mtu wa kisiwani. Mwambie binamu alete hiyo, pamoja na mpira wa akiba wa mfuniko na stakabadhi yenye namba ya saa.