Volti za Saa Mbili Usiku

Ukiingia duka la elektroniki pale Luthuli Avenue ukaomba valvu, hutaambiwa hakuna. Utaulizwa ya gari gani, kisha utaelekezwa Kirinyaga Road kwenye vipuri. Mwandishi wa makala haya alielekezwa huko mara mbili asubuhi moja. Katika duka la tatu muuzaji alijitahidi zaidi.

"Ya maji, boss? Nusu inchi ama robo tatu?"

Alichotaka ni kichupa cha kioo kinachotoshana na kidole gumba, kilichonyonywa hewa yote, kile kilichokuwa kikiendesha redio kabla ya transista kuja kukinyang'anya kazi. Ndani yake mna uzi unaopashwa moto kwa volti 6.3. Joto hilo huifanya kathodi iteme elektroni, na anodi yenye volti 250 huzivuta upande wake. Katikati husimama gridi, ambayo mkazi yeyote wa mtaa wa Umoja angeitambua mara moja: ni konda wa matatu. Volti kidogo tu pale mlangoni huamua wangapi wapande na wangapi wabaki stejini. Gitaa humnong'oneza konda, konda hupiga bodi, na gari zima huyumba kwa mdundo huo huo. Hiyo ndiyo amplifaya.

Wapiga gitaa huzienzi chupa hizi kwa sababu zikizidiwa hazipasui sauti ghafla, huikwaruza kwa utamu. Vox AC30 ya Uingereza, waliyoipigia Beatles, ina nne za aina ya EL84 kwenye hatua ya mwisho. Bwana wetu mwandishi, mwanafunzi wa benga asiye na bendi, aliona moja inamtosha. Jedwali la kiwanda linaipa wati 5.7, nazo ni nyingi ukizikumbuka kuta za ploti.

Hatimaye aliipata nyumbani kwao. Mjomba wake alikuwa ameacha Kaloleni redio ya mbao, kioo chake kimeandikwa Hilversum na Luxembourg, miji ambayo marehemu hakuifikia hata kwa mawimbi. Ndani mlikuwa na EL84 moja, EZ80 ya kuufanya umeme wa kwenda na kurudi uelekee upande mmoja, na transfoma nzito kama jiwe la kusagia. Valvu ya mbele, ECC83, aliuziwa na mzee mmoja wa Kariobangi aliyezeekea kwenye redio, ambaye alimfungia kwenye gazeti na kumpa neno moja tu la kuondokea: "Kijana, kabla hujapima chombo, pima ukuta."

Mwandishi alidhani ni methali.

Transfoma za Ulaya za zama hizo zilitengenezewa miji isiyoelewana. Kwa hiyo nyuma ya redio kuna kifuniko cha duara chenye tarakimu 110, 127, 220 na 245, unakizungusha hadi namba ya kwenu. Alipokuwa akikifuta vumbi kilizunguka hadi 127, naye akafurahia jinsi kilivyong'aa bila kukisoma. Stima ya Kenya ni volti 240. Transfoma ikipewa karibu mara mbili ya inachohitaji, chuma chake hushiba sumaku, huacha kuuzuia umeme, na waya hubaki kunywa bila kipimo. Wa kukomesha ulevi huo ni fyuzi. Fyuzi ya mjomba ilikuwa imeviringishwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara.

Alipomaliza kuiunga amplifaya yake na kuichomeka, ilinguruma kama lori la mchanga likipanda mlima, halafu jengo lote likawa giza. Ilikuwa Jumapili jioni. Katika sebule zote za ghorofa nne, mchezaji alikuwa ameshaweka mpira kwenye nukta ya penalti.

Jina la utani lilipanda ngazi kabla ya mtu yeyote kuirudisha swichi kuu. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana, akaangukia transfoma. Megawati zaidi ya 180 zilipotea na nchi nzima ikakaa gizani kwa saa kadhaa. Tumbili alitoka hai, akachukuliwa na KWS, shirika la wanyamapori. Watoto wa ploti wengi hawakuwa wamezaliwa, lakini habari tamu huzaliwa upya na kila mtoto. "Gitaru! Gitaru ameanguka tena!" waliimba ngazini. Tofauti na mwenzake, mwandishi hakuwa na shirika la serikali la kumchukua.

Mzee wa Kariobangi hakucheka. Alimtuma atafute balbu ya uzi, wati 100, aiunge kwenye waya wa stima kwa mfululizo ili umeme wote uendao kwenye amplifaya upitie humo kwanza. Chombo kikiwa kizima, balbu humeta kisha hufifia. Kikiwa na shoti, huwaka kama taa ya uwanja, inameza volti zote yenyewe, na hakuna kinachoungua. Dawa hii ni ya zamani na bei yake haina mpinzani, ila siku hizi madukani ni LED tupu, ambazo hazifai kazi hiyo. Balbu ya uzi ilipatikana kwa jirani wa ghorofa ya chini, ambaye alikuwa akipashia vifaranga joto kwenye boksi verandani.

"Siku mbili, jirani," alisema mama huyo. "Kifaranga akikufa na baridi, hiyo gitaa ni yangu."

Safari hii kifuniko kiliwekwa 220. Balbu ikameta, ikafifia, ikabaki na wekundu kidogo, na zile chupa zikaanza kuangaza kama makaa yanayopuliziwa. Mwandishi alichukua mita yake ya njano, ile inayouzwa kila kona, akagusa anodi ya EL84. Mchoro ulisema 250. Mita ilisema 180. Kwenye nyuzi za moto, badala ya 6.3 alisoma 4.7.

Usiku wa kwanza alilehemu upya kila kiungo. Usiku wa pili alibadilisha kapasita za chanzo cha umeme, akaishuku EZ80, akaishuku transfoma kwamba iliungua ile Jumapili, na mwishowe akamshuku mjomba. Alichora mchoro wote upya kwenye karatasi ya kalenda. Mwangaza wa kuchorea haukumpa shida, kwa sababu kulikuwa na balbu pale mezani.

Jirani alibisha hodi siku ya tatu kudai mali yake. Bwana wetu aliichomoa, akaunga waya moja kwa moja, na bila kugusa kingine chochote volti zikaruka juu. Balbu ilikuwa ikila volti 75 kila dakika ya kila usiku, kama ilivyotakiwa. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini hiki kilikuwa kikimmulikia.

Kwa dakika tano aliishi peponi. Spika iliunguruma. Stima yetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na baada ya kunyooshwa mngurumo wake huwa wa mara 100. Hiyo ni sol iliyopanda kidogo, karibu na sauti ya kibonyezo cha tatu kwenye uzi mnene wa gitaa. Mwandishi alisawazisha gitaa lake kwa mngurumo huo, na Jumapili iliyofuata kanisani mpiga kinanda alimtazama ibada nzima.

Halafu anodi ikaanza kuona haya. Bamba la EL84 liliiva wekundu kama bi harusi anayesifiwa mbele ya wakwe, ishara kwamba elektroni zinaligonga kwa wingi kuliko wati 12 linazoruhusiwa kubeba. Akaichomoa valvu ili ipumue, akapima tena, na volti za chanzo zikawa 385. Akakimbilia simu.

"Matatu tupu hukimbia," mzee alimjibu, akakata.

Alikuwa sahihi. Volti 250 za transfoma, zikinyooshwa bila mzigo, hupanda hadi kileleni mwa wimbi, 353. Kifuniko kikiwa 220 na ukuta 240 unapata 385. Abiria wakirudi, gari hutulia. Ndiyo maana kapasita lazima ziwe za volti 450, siyo 350 kama za mjomba. Na kapasita hizo hubaki na volti zao hata plagi ikiwa mkononi mwako. Mwandishi alilijua jambo hilo kwa kulisoma hadi Jumatano, kisha akalijua kwa kiwiko. Sasa huzimaliza kwanza kwa rezista, na mkono wa kushoto hukaa mfukoni ili stima isipate njia ya kupita kifuani.

Haya ya EL84 ilikuwa na sababu nyingine. Kathodi yake inapaswa kusoma volti 7.3 kwenye rezista ya omu 135, yaani miliampea 54 hivi. Ilisoma 13, sawa na miliampea 96. Gridi, ambayo bila muziki inapaswa kuwa sifuri, ilikuwa na volti 9. Kumbe kati ya ECC83 na EL84 mwandishi aliacha kapasita moja ya karatasi na nta kutoka kwenye redio, kwa heshima ya marehemu. Kazi yake ni kupitisha muziki na kuzuia volti, lakini uzee ulikuwa umeitoboa na volti za valvu ya kwanza zilikuwa zikivuja hadi kwa konda. Konda kahongwa, anapakia kila mtu, wengine wananing'inia mlangoni. Kapasita mpya ya nanofaradi 22 ilimgharimu chini ya nauli ya kwenda kuinunua.

Hapo hadithi ingekwisha kama mwandishi angekuwa hana kazi ya mchana.

Alikuwa akirudi jioni, anakula, anakaa na amplifaya saa mbili. Miliampea za kathodi zilikuwa chini kidogo, volti za anodi chini kidogo, sauti imelegea. Akapunguza rezista ya kathodi hadi mchoro ukaridhika, akalala. Jumamosi mchana bi harusi akaiva tena. Akairudisha ya awali. Jumatatu usiku volti zikashuka. Akapunguza. Jumamosi, haya. Alianza kuamini kwamba chombo kinashika Sabato.

Ndipo methali ya mzee ikamrudia, na kwa mara ya kwanza tangu anunue lehemu alichomeka ncha za mita kwenye soketi ya ukutani. Mita ikasoma 290. Alichomoa friji, televisheni na chaja, akateremka ngazi mbio kuwaonya majirani, na akapokewa kwa wimbo aliouzoea. Kumbe betri ya volti 9 iliyo ndani ya mita ilikuwa inakata roho, na mita hizi zikiishiwa betri husoma juu kuliko ukweli. Betri mpya ikasema 240. Hiyo ilikuwa saa tisa mchana.

Saa mbili usiku ilisema 206.

Hakuna muujiza hapo. Waya unaoleta stima mtaani una ukinzani wake, na kadiri ampea zinavyozidi kupita ndivyo volti zinavyozidi kupotea njiani. Umoja, iliyojengwa miaka ya 1970 kama nyumba za chini zenye nafasi ya kuongeza vyumba, imeongeza vyumba hadi mawinguni, na saa mbili ndipo vyumba vyote huoga, hupiga pasi na hupika. Hita moja ya bafuni hula kilowati kadhaa. Transfoma haitengenezi volti, hugawa tu inachopewa: ukuta ukishuka asilimia 14, vyote hushuka asilimia 14, anodi kutoka 284 hadi 244, nyuzi za moto kutoka 6.9 hadi 5.9. Kwa majuma matatu mwandishi alikuwa akirekebisha amplifaya kwa kufuata ratiba ya ugali.

Alijaribu kuhamisha kifuniko hadi 245. Mchana ukawa mzuri, 6.2, lakini usiku nyuzi zikapata 5.3 na valvu zikaimba kama zina mafua. Nyuzi hizi huvumilia asilimia kumi juu au chini, kwa hiyo namba ya 220 huponea chupuchupu pande zote mbili. "Iache hapo," mzee aliamuru. Rezista ya kathodi ikapandishwa hadi omu 180, ikapimwa mchana kweupe, na haijaguswa tena. Ndani ya kifuniko cha chasisi kuna safu mbili za namba kwa kalamu ya wino mzito: "mchana" na "wakioga".

Na hapo ndipo aligundua kuwa saa mbili usiku benga inapendeza zaidi. Volti zikishuka, valvu hufika ukingoni mapema, na uzi mwembamba ukidonolewa hutoa ule mkwaruzo laini bila kuamsha ploti. Si siri ngeni. Mpiga gitaa Eddie Van Halen, huko California, aliunga amplifaya yake ya Marshall kwenye Variac, transfoma ya kuzungusha kwa mkono, akapunguza volti za ukutani makusudi. Kifaa hicho ni pesa nyingi. Umoja hutoa huduma hiyo bure kila jioni, isipokuwa mtu hawezi kuchagua ni lini hasa.

Mwandishi amejaribu kuchagua. Mshuko mkubwa wa volti hutokana na hita za bafuni, lakini hakuna namna ya heshima ya kumuuliza mama wa watu ataoga saa ngapi. Kwa hiyo huinama kwenye reli ya ngazi, gitaa begani, na kuuliza kinachoulizika.

"Jirani, leo hakuna nguo za kupiga pasi?"

"Ziko," sauti hujibu kutoka chini, katikati ya mlio wa vifaranga ambao sasa wameota mbawa. "Lakini kwanza cheza ile ya jana, Gitaru. Nikiipenda nitapiga na mashuka."