Ndoo ya Mchanga

Wewe uliyeoa utanielewa. Kuna siku mwanamume huamka akajisahau, akadhani ndiye mwenye nyumba.

Mimi nilijisahau Jumamosi, nikaingia na ndoo ya mchanga niliyoomba kwa fundi anayejenga huko karibu na barabara ya Garissa. Moto ulikuwa umemtoa jirani usingizini juzi yake, ukazimwa mapema kwa bahati tu. Hapa Kiandutu, Thika, nyumba ni mabati kwa nje, mbao kwa ndani, na juu ya mbao tumebandika katoni ili baridi ya Julai isituue. Chumba kimoja kikishika, ploti nzima inafuata. Vichochoro vyetu mkokoteni unapita kwa kuomba radhi, sembuse gari la zimamoto. Kwa hivyo vijana hung'oa mabati ya nyumba ya pili ili moto ukose njia, na mwenye nyumba hiyo hubaki hajui awashukuru au awashtaki. Jina lenyewe la mtaa limetoka kwa ndutu, yaani funza. Lakini funza angalau humla mtu kidole kimoja kimoja.

"Leo nakagua," nikatangaza. Hakuna aliyeinua kichwa.

Nilianza na koroboi ya mama mkwe. Huyu tunamwita Kanali, ila si mbele yake. Alikuja Thika kumwona daktari wa macho, akae wiki mbili. Mwaka wa tatu huu. Koroboi yake ni mkebe wa kakao wenye utambi uliokatwa kwenye fulana yangu, na stima hata ikiwepo haiamini. Mwaka 2018 serikali ilipoweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, ili watu waache kuyachanganya na dizeli, Kanali alichukulia kwamba amelengwa yeye binafsi. Nikamweleza kwa adabu kwamba koroboi ikipigwa teke na mtoto tumekwisha, na kwamba mafuta yakiwa yameguswa na petroli huko yalikotoka, hayalipuki kwa hodi. Nikaichukua, nikaificha juu ya kabati. Alinitazama tu, akaendelea kuchambua maharagwe.

Wa pili alikuwa shemeji yangu, Injinia. Umeme alisomea kwa kutazama wengine wakirushwa. Yeye ndiye aliyetuvutia sambaza: waya mwembamba unaotoka sijui wapi, usio na fyuzi, unaoishia kwenye ekstensheni moja inayobeba televisheni, pasi, simu nne na koili ya kuchemshia maji. Mahali alipounganisha nyaya amefunga nailoni ya mkate. Nikaigusa. Ilikuwa na joto kama paji la mtoto mwenye malaria, na plastiki imeanza kubadilika rangi.

"Hiyo ni joto ya kawaida, shem," akaniambia.

Mama Shiro nilimkagua kwa tahadhari. Tangu gesi ilipolipuka kule Mradi, Embakasi, usiku wa Februari 1, 2024, mke wangu hupaka povu la sabuni kwenye regileta na mpira wa mtungi wetu wa kilo 6 kila jioni. Povu likifura, ujue gesi inavuja. Amewafundisha hata watoto kwamba gesi ni nzito kuliko hewa, hulala sakafuni kama mlevi, kwa hivyo wakisikia harufu wasiwashe kitu, wafungue mlango. Alifaulu ukaguzi, na mpaka leo hajaacha kunikumbusha.

Kwa furaha ya kazi nzuri nikaamua kuwakaangia waru. Nikabandika mafuta, nikaenda kumalizana na Injinia kuhusu ile nailoni. Unajua mabishano na shemeji hayana dakika mbili. Shiro ndiye aliyepiga kelele. Kugeuka, sufuria inawaka kama mwenge, na ulimi wa moto unalamba karibu na katoni.

Nikanyakua jagi la maji.

"Baba Shiro! Weka chini!"

Kanali alikuwa ameshanishika mkono. Akazima gesi, akachukua kifuniko, akakisukuma taratibu juu ya sufuria kutoka upande wake, kisha akarudi kwenye maharagwe. Miaka mingapi amekaanga mandazi ya kuuza, sikuwahi kuuliza. "Maji yanazama chini ya mafuta," alisema bila kunitazama, "yanageuka mvuke palepale, yanarusha moto mpaka kwa mabati. Na hicho kifuniko mtu asikiguse mpaka ipoe."

Kimya. Halafu Shiro, tunayemwita Wakili, akauliza: "Baba, kwani mchanga ni wa nini?"

Tukageuka sote kuitazama ndoo. Paka alikuwa ndani, amechuchumaa, macho yake yako mbali, anamalizia.

Waru tulikula saa tatu usiku, zimeiva upande mmoja. Kabla hatujamaliza, ile nailoni ya Injinia ikatoa mlio mdogo na harufu ya plastiki, na giza likatuangukia. Nikasikia sauti ya Kanali, pole kabisa:

"Baba Shiro, juu ya kabati."

Nikaishusha, na kiberiti nikampa. Akasafisha mchanga kwa kijiko cha zamani, akachimba katikati ya ndoo, akaisimamisha koroboi humo ikasimama imara, hata teke la mtoto lisingeiangusha. Paka akaja, akazunguka ndoo mara mbili, akakuta pamechukuliwa. Akaelekea kwenye viatu vyangu.