Sakafu Inatoa Jasho

Wewe mwenzangu uliyeoa Takaungu utanielewa. Mama mkwe, ambaye watoto wamempachika jina la Bi Mkaguzi, akija kwetu huanza na habari za kivuko: vile watu walivyokwama ng'ambo kabla daraja la Kilifi halijafunguliwa 1991. Kivuko kikiisha, ukaguzi huanza. Safari hii alikuta makochi yapo uani chini ya mwembe, na katikati ya sebule kipande cha nailoni kimebandikwa kwa utepe pande zote nne.

"Baba Salim, hii nini tena?"

"Mama, tunapima maji."

Mama Salim ameshanunua vigae vya plastiki. Vizuri, lakini ni vyembamba, milimita mbili tatu tu. Ukiacha punje ya mchanga chini, itajitokeza juu. Na maji ndiyo adui mkubwa. Nyumba nyingi za zamani hapa kwetu zilimwagwa zege bila nailoni chini yake, nyingine kwa mchanga wa ufuoni usiooshwa. Unyevu hupanda na chumvi yake, ule unga mweupe unaoufagia leo na kesho umerudi. Gundi haishiki hapo. Basi unabandika nailoni, kama nusu mita kila upande, unaiacha usiku na mchana. Ukifunua ukakuta matone, au zege limekolea weusi, vigae vingoje.

Usiku na mchana, katika nyumba hii! Paka aliianza kwa kucha. Shemeji Mbio, ambaye tangu nimjue hajangoja chai ipoe, akafunua pembe moja achungulie. Nikabandika upya. Bi Mkaguzi akaona pale pana upepo, akatandika mkeka wake juu yake.

Halafu kuna nta. Mama Salim aliisugua sakafu ile kwa nta nyekundu tangu tuoane, na wageni waliisifu, kwa haki kabisa. Sasa lazima itoke yote, maana gundi haipendi mafuta. Maji ya moto, sabuni, skrepa, magoti. Ukitaka kujua kama imetoka, dondosha tone la maji: likinywewa, zege liko wazi, likisimama, nta bado ipo. Kitinda mimba wetu, Injinia, aliipenda kazi hiyo mno. Alizunguka sebule na kikombe, "Hapa bado! Hapa bado!", mpaka kwenye ukingo wa nailoni.

Tulipoifunua, chini palikuwa maji tele. Mimi nasema ni ya ardhi, masika haya. Shemeji Mbio anasema ni ya Injinia, tubandike vigae leo leo. Bi Mkaguzi akaamua: sakafu tupu ina baridi yake nzuri, vigae vikae uvunguni mpaka kaskazi ivume, ndipo tupime tena.

Mama Salim akakubaliana na mamake. Kisha akakumbuka Idi inakaribia na wageni watakuja, akanikabidhi kopo la nta.