Wenyeji Wasioulizwa

Kura ya maoni, yaani utaratibu wa kuwauliza raia wote swali moja, mara nyingi la kujibiwa kwa ndiyo au hapana, ni anasa ambayo Waingereza walijitunuku mwaka 2016 walipopiga kura ya kujitoa kwenye Umoja wa Ulaya, ingawa Mombasa hawakuiona kuwa na haja. Mwambao, ule ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya ambao Sultani wa Zanzibar aliwakodisha Waingereza mwaka 1895 kwa pauni 11,000 kila mwaka, ulikuwa na mpangaji aliyelipa na mwenye nyumba aliyeridhika bendera yake nyekundu ikipepea juu ya Ngome ya Yesu. Watu wa Mji wa Kale, ambao ndio hasa waliolala ndani, hawakuwa upande wowote wa mkataba. Uhuru ulipokaribia, Sir James Robertson alitumwa mwaka 1961 kusikiliza maoni, akasikiliza waliotaka Mwambao ujitawale na waliotaka uungane na Kenya, kisha, kwa adabu zote za msikilizaji mwema, akapendekeza uunganishwe. Oktoba 1963, mawaziri wakuu Jomo Kenyatta wa Kenya na Mohammed Shamte wa Zanzibar walilimaliza shauri kwa barua, zilizoahidi, pamoja na mengine, kuzihifadhi mahakama za kadhi (ahadi ambayo, kwa haki, ingali ndani ya katiba). Huenda kura ingeleta jibu lilelile, na hapo ndipo woga wa kuuliza unaposhangaza zaidi. Januari 1964 mapinduzi yalimwondoa Shamte madarakani, na Aprili Zanzibar ikaungana na Tanganyika, nako pia bila kura ya maoni.