Neno Moja, Kazi Mia Nne

Juzi jioni nilirudi nyumbani kutoka Kariakoo nimesimama kwenye basi safari nzima, na nauli nimelipa sawasawa na waliokaa. Hata viatu sijavua, Rehema, binti yangu wa kidato cha kwanza, huyo na daftari lake la Kiingereza.

“Shikamoo baba. ‘Set’ maana yake nini?”

“Marahaba. Kuweka,” nikajibu, nikajikohoza kisomi.

Akaitazama sentensi ya kwanza. “Kwa hiyo jua liliweka. Liliweka nini, baba?”

Nikamwambia kwa jua ni kutua. Sentensi ya pili ilikuwa ya zege: kushika. Ya tatu, daktari na mfupa: kuunga. Ya nne, mwalimu na mtihani: kutunga. Ya tano, mwindaji na mtego: kutega. Kila nikijibu, anafuta la zamani kwa kifutio, mpaka karatasi ikaanza kutoboka. Kufika ya saba nikashika kichwa: neno lile lile lililomwachia mfungwa huru ndilo lililochoma nyumba moto!

Nikaingia mtandaoni kutafuta msaada, nikajuta. Toleo la 2 la kamusi kubwa ya Oxford, la mwaka 1989, limekipa kitenzi hicho maana 430 na maelezo ya maneno 60,000 hivi. Hiyo ni riwaya nzima isiyo na hata mhusika mmoja. Na kumbe siku hizi ‘run’ imeshaipita: mhariri Peter Gilliver aliishughulikia miezi 9, akatoka na maana 645. Wenzake miezi 9 wanapata mtoto.

‘Set’ lingebaki huko kwa Waingereza nisingesema kitu. Lakini limeshanihamia nyumbani: simu naambiwa niiseti, mke wangu kaseti nywele saluni na anadai seti ya sufuria, na Rehema kwenye hisabati ana mada nzima ya seti.

Uvumilivu ukaniishia. “Lugha gani hii neno moja linafanya kazi za kijiji kizima?” nikafoka. “Leo nimekata tiketi nikaishia kusimama, dereva akakata kona nusura nikate roho, nimefika hapa nataka kukata kiu tu, naletewa ‘set’! Mimi nimekata tamaa. Tena nimekata shauri: kesho naenda shuleni kwenu, tukakate mzizi wa fitina!”

Kimya. Rehema alikuwa anahesabu kitu kwa vidole. Mama yake akasimama mlangoni na kata ya maji mkononi, akanitazama juu mpaka chini.

“Pole, baba Rehema. Kunywa maji. Vitu vyote hivyo umevikata, na hata kisu hujashika.”