Ina Matokeo, Mzee

Kununua mafuta ya kupaka siku hizi kunataka miwani, tochi na mkemia wa kuja naye. Zunguka Kariakoo nzima: kila chupa ina picha ya jani la aloevera, na neno "asilia" limeandikwa kubwa kama jina la mgombea. Viambato vyenyewe vimefukuziwa nyuma, chini kabisa, kwa maandishi ambayo hata aliyeyaandika hawezi kuyasoma. Binti yangu ndiye aliyenisomea: maji mwanzo, aloevera mkiani, tena baada ya manukato. Orodha hiyo hupangwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo aloevera ilipita kusalimia tu.

"Baba, hapa tunalipia maji," akasema.

Maji! Na bombani kwetu hayajatoka tangu Jumanne.

Afadhali hao wameandika. Muuzaji mmoja alinitolea krimu ya kung'arisha uso, uso ambao sikumlalamikia.

"Ina nini ndani?"

"Ina matokeo, mzee wangu."

Kijikaratasi chake kilionya usivae dhahabu wala fedha unapoipaka. Muulize mchimbaji mdogo wa Geita kinachong'ang'ania dhahabu ni nini: zebaki, ndiyo anayoikamatia. Shirika la Afya Duniani linalitaja onyo la namna hiyo kuwa dalili ya zebaki, na zebaki ya usoni huishia kuharibu figo. Nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vilivyotiwa zebaki vikome ifikapo 2025. Kaunta ile haikualikwa kikaoni.

Ukikimbilia vya nyumbani, bei inakungoja mlangoni. Mafuta ya nazi, yale bibi aliyoyachemsha mwenyewe, tui likikauka hadi mashapo yanageuka kahawia, leo yamo kwenye kichupa cha mililita 50 chenye jina la Kifaransa. Na hiyo losheni "rafiki wa mazingira" imetiwa kwenye kopo lenye kitako cha uongo, ndani ya boksi, boksi ndani ya nailoni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, nikanunua kikapu kama raia mwema. Kikapu kinarudi nyumbani kimejaa plastiki.

Ndugu msomaji, kopo lisilo na orodha ya viambato liache hapo hapo kaunta, hata kama muuzaji ni shemeji yako. Lenye orodha, nenda na mtoto mwenye macho.