Kamati ya Maporomoko

Matembezi ya kwenda Maporomoko ya Sanje, yanayoshuka takriban mita 170 kwa vidato katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, huchukua saa chache tu, lakini maandalizi yake kwa desturi ya mjini huchukua miezi, kwa kuwa hutanguliwa na kundi la WhatsApp, yaani baraza lisilo na akidi ambamo rangi ya fulana za sare hujadiliwa kwa kina kuliko viatu. Mweka hazina huteuliwa kabla ya tarehe, na tarehe ikishapatikana huangukia masika, majira ya mvua za Machi hadi Mei, ambapo njia huteleza. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1992, hutembelewa kwa miguu, jambo ambalo mwenye spika ya magurudumu hulitambua akiwa tayari mwanzo wa mpando. Humo huishi mangabe wa Sanje, kima asiyepatikana nje ya milima hiyo, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu. Bila shaka hao hawakuwa wamebeba spika.